Re: Maji ya kiwanda cha jibini kwenye bomba la maji taka

Ndugu, umeuliza kama kwa vile unalipia bili ya maji taka, kiwanda chako kidogo cha jibini pale Industrial Area, Nairobi, kinaweza kumwaga tu maji yake kwenye bomba hilo. Hapana, maji ya kiwanda yana kibali chake. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 ziliruhusu uchafu unaooza (kipimo cha BOD) hadi miligramu 500 kwa lita kwenye bomba la maji taka, na 30 tu ukielekeza mtoni. Maji yanayobaki ukikamua jibini hupita 30,000! Kwenye mabwawa ya Ruai, yanakoishia maji taka ya jiji, kazi ya kusafisha hufanywa na vijidudu, si miujiza. Maji hayo ya jibini wape wafugaji wa nguruwe, watakushukuru. Mtaro wa mvua usiuguse kabisa, unaishia Mto Ngong.