Wazimu wa Mimea: Upi Unalipa na Upi Unakula Pesa Bure

Ukimkuta mtu mzima saa nne za usiku amechuchumaa kando ya ukuta, tochi kaiuma kwa meno, mkononi kopo la maji ya chumvi, usimwite mlinzi. Anawinda konokono. Mvua ikishanyesha Nairobi, konokono na wale wenzao wasio na gamba hutoka gizani kula miche, na mchana huwaoni ng'o. Kwetu Umoja majirani wameshazoea. Watoto wa ploti huja na tochi za simu kunisaidia, wakubwa hupita wakitikisa vichwa.

Nimekaa na wapenda mimea wa jiji hili muda mrefu, na mimi mwenyewe nimo. Ninachokijua ni hiki: wazimu unaokula miguu na macho yako hulipa. Wazimu unaokula mfuko, mara nyingi anayelipwa ni mwenye duka. Konokono nimewataja makusudi. Dukani kuna vidonge vya kuwaua, na baadhi ya vidonge hivyo humuua mbwa wa jirani pia. Lakini gunia lililoloweshwa ukililaza chini jioni, ukilifunua alfajiri utawakuta wamejibanza humo kama abiria wa matatu ya mwisho. Gharama yake ni kuamka tu. Chumvi ibaki koponi. Ukiimwaga chini unauharibu udongo wako mwenyewe.

Na udongo ndio chanzo cha vituko vingi hapa. Nairobi ni miji miwili chini ya nyayo. Upande wa Kiambu, Westlands na Karen, udongo ni mwekundu, unapitisha maji, mizizi inashuka bila kubembelezwa. Ukija huku Embakasi hadi Syokimau na Kitengela, unakutana na ule mweusi, unaoganda viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kumeza kidole wakati wa kiangazi. Ndiyo maana utamwona mtu akishuka kwenye matatu na gunia la udongo, kondakta amemtoza nauli ya gunia, naye analipa huku anacheka. Mimi huubeba udongo kutoka kwa shangazi yangu Kiambu kila nikienda kumsalimia. Yeye hunifungia mboga na ndizi. Mimi naulizia jembe.

Kama utaubeba, ubebe kwa akili. Sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi iliyooza, moja ya maganda ya mpunga yanayotoka Mwea, hapo umepata mchanganyiko mwepesi usioshika maji kupita kiasi. Samadi ya mbuzi ni nzuri sana, ila zika mkono ndani yake kwanza: ikiwa bado ina joto ndani, au inanuka mkojo, iache. Itaunguza mizizi. Iloweshe, ifunike, isubiri hadi inukie kama msitu baada ya mvua.

Halafu kuna jambo la uzito, ambalo wenye balkoni hawalipendi kulisikia. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa hupita kilo 25 kwa urahisi. Ukipanga ndoo 30 kwenye balkoni moja, umeweka robo tatu ya tani juu ya kichwa cha jirani wa chini, na bado hujasimama wewe na mtungi wako wa maji. Ndoo nzito ziegemee ukuta wa nyumba, zisikae kwenye ukingo. Kama jengo linatia shaka, na mengi yanatia shaka, panda kwenye makopo madogo.

Wale ambao hawana hata balkoni wametufundisha mengi. Kule Kibera watu wamekuwa wakilima sukuma wiki kwenye magunia kwa miaka, mlangoni pa nyumba, na ufundi wake unastahili heshima. Unachukua kopo kubwa lililotolewa kitako, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza kokoto. Unazungushia udongo pembeni hadi ulingane na kopo, kisha unalivuta kopo juu, kokoto zinabaki. Unajaza tena, unavuta tena, mpaka gunia linajaa na katikati kuna nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Ukimwaga maji kwenye mawe yale, yanafika tumboni mwa gunia badala ya kuishia juu. Kisha unatoboa ubavuni, unachomeka miche. Sehemu ya kukanyaga tu inakupa mboga za nyumba nzima.

Maji ni ugomvi mwingine. Mitaa yetu hupata maji kwa zamu, na siku mfereji ukikauka ndipo utamjua mpenda mimea: yeye anaoga ndani ya beseni. Maji ya kuoshea mchele na mboga mwagia bila wasiwasi. Maji ya nguo, chukua yale ya suuza ya mwisho, maana ya kwanza yana sabuni ya unga na chumvi zake, na kamwe usimwagie yenye dawa ya kung'arisha nguo. Mwagia alfajiri. Jioni pia inafaa, ila majani yakilala na maji baridi ya Julai unaukaribisha ukungu.

Desemba ndiyo balaa kwa sisi wa mjini. Watu wanafunga nyumba kwenda ushago, mvua za vuli zinakatika, Januari inaingia na jua lake. Nimewaona watu wakipanda basi la usiku kwenda Kisumu na chungu mapajani. Hakuna haja. Kata shuka kuukuu la pamba vipande virefu, ncha moja izike kwenye udongo wa chungu, nyingine izamishe ndani ya ndoo ya maji iliyoinuliwa juu kidogo. Kitambaa kitavuta maji polepole. Sogeza vyungu vyote pamoja kivulini. Jaribu kabla hujasafiri, kwa sababu kitambaa kinene humwaga kuliko unavyodhani.

Sasa nije kwenye wazimu ninaoupenda kuliko wote: kuwafungisha ndoa maboga. Ukipanda boga juu ya paa la ghorofa, nyuki huenda wasifike kwa wingi, na utaona viboga vidogo vinageuka njano na kudondoka. Boga lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. La kike lina kiboga kidogo chini yake hata kabla halijafunguka. La kiume limesimama kwenye kikonyo chembamba tu. Yanafunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo ukisubiri kwanza chai umechelewa. Chuma la kiume, menya yale majani yake ya njano, kisha pakaza ile chavua katikati ya ua la kike. Basi. Kazi ya dakika moja, na jirani aliyetoka kuanika nguo akikuuliza unafanya nini, mwambie ukweli uone uso wake.

Kazi hiyo ina babu yake. Mwaka 1841, kisiwani Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Wataalamu walikuwa wamehangaika na mmea ule, kwa kuwa nje ya Amerika hauna wadudu wake wa asili. Hadi leo vanila nyingi duniani huchavushwa hivyo hivyo, ua moja moja, kwa mkono. Kwa nyanya huhitaji ufundi wote huo; gonga kikonyo kwa kidole wakati wa asubuhi kavu, chavua itaanguka yenyewe.

Na mnaoniona mimi nimepotoka, tazameni ile bogainvilia iliyofunika ua wenu. Mwaka 1766 Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville alianza safari ya kuzunguka dunia kwa meli. Mtaalamu wa mimea wa msafara ule, Philibert Commerson, alikuwa na msaidizi aliyejulikana melini kama mwanamume. Alikuwa mwanamke, Jeanne Baret. Sheria ya meli za kifalme za Ufaransa haikuruhusu wanawake, basi akajifunga kifua, akavaa suruali, akapanda. Commerson alisumbuliwa na mguu, kwa hiyo mizigo na mimea mingi ilibebwa na Baret. Karibu na Rio de Janeiro walikusanya mmea wa miiba wenye rangi kali, ukaja kupewa jina la Bougainville. Baret anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Hapa kwetu, Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji tangu miaka ya 1940, ndiye aliyeijaza Nairobi bogainvilia kandokando ya barabara kuu.

Wengi huniuliza kwa nini yao ni majani matupu. Jibu ni kwamba mnaipenda mno. Ipe jua la siku nzima, punguza maji mpaka majani yaonyeshe dalili ya kunyong'onyea, ndipo umwagilie. Usiirundikie samadi. Mmea huu ukidhani unakufa, unatoa rangi.

Kupata kipandikizi chake ni habari nyingine. Kuna wanaoapa kwamba kijiti cha kuiba huota kuliko cha kuomba. Nawajua watu wanaotembea na kisu mfukoni, wanaosali kanisa lile na si lile kwa sababu ya waridi la uani. Mimi naomba. Nenda getini, msalimie bawabu.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Njema, karibu."

"Naomba uniulizie mama wa hapa kama nitapata kijiti cha ua hilo, hata kile mlichokata juzi."

Wenye nyumba wengi hufurahi, na baadhi hutoka wenyewe kukuonyesha mengine ambayo hukuyaona. Tena mvua zikianza, watunza bustani wa Kileleshwa na Lavington hukata nyua na kurundika matawi nje ya geti yakisubiri lori la taka. Pale kuna kitalu cha bure, ukiuliza kwanza. Chagua tawi gumu la unene wa penseli, kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani yote isipokuwa ya juu, zika nusu yake, weka kivulini.

Mahali ninapokataa kabisa ni msituni. Karura, Ngong, Arboretam, huko usichimbe hata kimoja, wala usinunue okidi au mshubiri ambao muuzaji anajisifu kwamba umetoka porini. Afrika Kusini kuna somo la kutosha. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea John Medley Wood alikuta katika msitu wa Ngoye mmea mmoja wa jamii ya saikadi, mimea ya kale inayofanana na mitende. Ulikuwa wa kiume, wenye mashina kadhaa. Wa kike hajapatikana mpaka leo. Yote iliyopo duniani ni machipukizi ya huyo mmoja. Tamaa ya watu kwa mimea ya jamii hiyo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2014 wezi waliingia bustani ya Kirstenbosch, Cape Town, wakaondoka na saikadi 24. Na unaporudi safari ya nje, mbegu usizifiche kwenye soksi. KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, wanataka kibali, na wana sababu: ugonjwa hatari wa mahindi uliobainika Bomet mwaka 2011 uliwaachia wakulima mabua yasiyo na punje.

Tiba za jikoni nitazipitia haraka, maana zinapewa sifa kuliko kazi zake. Maganda ya mayai huoza polepole sana, kwa hiyo yasage unga au yaache. Nyanya ikioza kitako, watu hukimbilia maganda hayo hayo, ilhali kosa mara nyingi ni maji: leo mafuriko, kesho ukame. Mwagia kwa kipimo kile kile. Maji ya maganda ya ndizi ni tambiko zaidi ya mbolea. Maziwa, kinyume chake, yanafanya kazi. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha matokeo kwamba maziwa yaliyochanganywa na maji huuzuia ule ukungu mweupe kama unga kwenye mimea ya jamii ya maboga. Sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji, nyunyiza asubuhi. Kuongea na mimea nako simkatazi mtu. Charles, ambaye sasa ni mfalme wa Uingereza, alikiri kwenye runinga mwaka 1986 kwamba huongea nayo, akachekwa na taifa zima. Anayeongea na mmea huwa ameusogelea, na aliyeusogelea huwaona vidukari mapema.

Limebaki suala la vitalu vya kando ya barabara, Ngong Road, Kiambu Road, Lang'ata, ambako mishahara yetu huishia. Kabla hujalipa, omba muuzaji auchomoe mmea kwenye chombo chake. Mizizi myeupe imara, chukua. Mizizi ya kahawia inayoteleza, mrudishie. Iliyojizungusha kama waya, shusha bei. Uliza pia kama mmea ulikuwa chini ya wavu wa kivuli, kwa sababu ukiutoa hapo moja kwa moja hadi juani utaungua majani ndani ya siku chache, uzoeshe taratibu. Usiende mwisho wa mwezi. Nenda Februari, wakati kiangazi kimewachosha wauzaji kumwagilia. Beba noti ulizokusudia kutumia tu, simu iache nyumbani, na mwambie muuzaji hivyo mapema kabla hajaanza kukuonyesha waridi.