Kabla hujaipeleka fuwele kwenye eksirei

Wengi wanaoanza utafiti wa fuwele za molekuli, yaani yabisi ambazo molekuli zake zimepangana kwa mpangilio unaojirudia, huniuliza kuhusu mashine ya eksirei inayoonyesha atomi zimekaaje ndani yake. Nitumie programu gani? Data zikusanywe kwa saa ngapi? Kigezo cha R, yaani kipimo cha muundo wangu unavyotofautiana na data, kikigoma kwenye asilimia saba, nimekwisha? Maswali hayo yana majibu yake, lakini nilivyoona mimi, kazi hii hufaulu au huharibika mapema zaidi, kwenye kichupa kilichotulia pembeni ya rafu, kifuniko kimetobolewa kwa ncha ya sindano. Mashine za siku hizi zinavumilia mengi, ila fuwele mbovu ni mbovu tu.

Jua kwanza unashughulika na kitu gani. Chumvi ya kawaida imeshikwa na mvutano wa chaji za ioni, ndiyo maana huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Naftalini huyeyuka kwenye nyuzi 80. Ndani yake kuna molekuli nzimanzima zilizopangana, zinashikana kwa nguvu hafifu za van der Waals, yaani mvutano mdogo kati ya molekuli jirani. Molekuli nyingine huongezea bondi za haidrojeni. Kwa kuwa nguvu hizo ni hafifu, tofauti ya nishati kati ya mpangilio mmoja na mwingine mara nyingi ni kilojuli chache tu kwa moli. Kwa hiyo molekuli zilezile zinaweza kutoa fuwele za aina mbili, tatu, hata zaidi, kila moja na tabia zake. Hizo ndizo polimofu.

Parasetamoli inalionyesha hilo vizuri. Katika aina ya kwanza, iliyo thabiti zaidi, molekuli zimejipanga katika tabaka zenye mawimbi zinazokwamana, na unga wake haushikamani vizuri ukigandamizwa kuwa kidonge. Katika aina ya pili tabaka ni bapa, zinateleza moja juu ya nyingine, na unga hugandamizwa vizuri bila taabu. Molekuli haijabadilika hata chembe.

Usidhani ni mambo ya darasani tu. Ritonavir, dawa ya VVU, iliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 aina mpya ya fuwele, thabiti zaidi na ngumu zaidi kuyeyuka ndani ya kimiminika, ilijitokeza ndani ya kapsuli zenyewe, na kapsuli hizo zikaondolewa sokoni. Baada ya hapo hata kuitengeneza ile aina ya zamani kukawa kazi, kwa sababu mbegu ndogo ya aina mpya inatosha kuvuta molekuli zote upande wake. Ndiyo maana mimi ni msumbufu kuhusu daftari na vyombo. Andika kiyeyushi, joto, kasi ya kupoza, na kama chupa ilikuwa mpya au imeoshwa. Polimofu ambayo huwezi kuipata tena ni hadithi, si matokeo.

Kwenye kukuza, ninayoipenda ni njia ya mvuke. Yeyusha sampuli katika kiyeyushi kinachoipokea vizuri, mathalani daiklorometheni, weka kichupa hicho wazi ndani ya chupa kubwa yenye heksani kidogo, kimiminika kisichoiyeyusha sampuli, kisha funga ile kubwa. Mvuke wa heksani utaingia polepole na kuisukuma sampuli itoke. Weka mbali na pampu inayotetemesha meza. Usichungulie kila saa!

Fuwele zikitokea, ziache ndani ya kimiminika chake. Nyingi hubeba molekuli za kiyeyushi ndani yake, na ukizitoa hewani hupasuka na kuwa nyeupe kama chaki ukiwa bado unatafuta koleo. Zihamishie kwenye tone la mafuta mazito, chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana. Zungusha jukwaa taratibu. Fuwele nzuri moja hung'aa, kisha huzimika yote kwa mpigo, na hurudia hivyo kila nyuzi 90. Nusu ikizimika huku nusu nyingine inawaka, hizo ni mbili zilizoshikana, hata kama kingo zake zinapendeza. Ikate kwa wembe au chukua nyingine. Urefu wa milimita 0.1 hadi 0.3 unatosha, kubwa sana ni ya kupiga picha tu.

Kisha haraka kwenye mkondo wa naitrojeni baridi, kama nyuzi 173 chini ya sifuri. Mtetemo wa atomi hupungua hapo na data hung'ara. Fuwele ikivunjika kila ukiipoza, huenda inabadili mpangilio njiani. Jaribu joto la juu kidogo.

Hatua inayorukwa sana ni kupima kwa eksirei unga wote uliobaki na kuulinganisha na muundo ulioupata. Ulichagua fuwele iliyopendeza, na iliyopendeza si lazima ifanane na wenzake chupani. Nimeona chupa moja ikitoa aina mbili kwa pamoja, na mwenye sampuli anabishana na kiwango chake cha kuyeyuka.

La mwisho ni haidrojeni. Eksirei huona elektroni, na haidrojeni ina moja tu, tena imevutwa kuelekea jirani yake, kwa hiyo usiapie mahali programu ilipoiweka. Ukichanganya asidi ya kaboksili na besi, na unataka kujua kama protoni imehama, pima bondi mbili za kaboni na oksijeni. Moja ikiwa karibu angstromu 1.21 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) na nyingine 1.31, protoni bado iko kwa asidi. Zote zikikaribia 1.25, imehama, na ulicho nacho ni chumvi.