Matangazo Yangu Yanatazamwa na Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la vitambaa Tanga na hulipia matangazo mtandaoni. Taarifa ninazoletewa zinaonyesha maelfu ya watazamaji, lakini wateja hawaongezeki. Je, yawezekana watazamaji hao si watu?

JIBU: Ndugu msomaji, yawezekana kabisa, na wizi wa namna hiyo umekwisha kuthibitishwa mahakamani. Kati ya 2014 na 2016, Mrusi Aleksandr Zhukov na wenzake walikodi zaidi ya seva 1,900, yaani kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao, katika vituo vya data, vikiwemo vya Dallas, Marekani, wakaziwekea programu zilizofungua kurasa bandia zenye anwani za tovuti halisi zaidi ya 5,000, zikisogeza kipanya na kusimamisha video katikati kama afanyavyo mtu, huku wafanyabiashara wakilipia matangazo ambayo hakuna binadamu aliyeyaona. Hasara ilizidi dola milioni 7, na mwaka 2021 mahakama ya New York ilimhukumu Zhukov kifungo cha miaka 10.

Kwangu, dhuluma kubwa ni kwamba mlipaji huoneshwa hesabu asiyoweza kuihakiki. Usipime tangazo kwa idadi ya watazamaji, bali kwa wanaopiga simu au kununua. Mtake anayekuuzia nafasi za matangazo akupe orodha ya tovuti zilizobeba matangazo yako, kisha tazama katika kila tovuti faili ya ads.txt, utaratibu ulioanza mwaka 2017, ambamo mwenye tovuti huwataja wanaoruhusiwa kuuza nafasi zake. Akikunyima orodha hiyo, sitisha malipo.