Moto wa Blender unaotoka kama pamba: shida ni materiali, si simulesheni

Mkuu, umeuliza kwa nini moto wako wa kuni uliotengeneza kwenye Blender, programu ya picha za 3D, una umbo zuri, lakini ukiurenda (ukiutoa kama picha kamili) kwa Cycles, injini yake ya kukokotoa mwanga, unatoka kama pamba iliyopakwa rangi ya chungwa. Usiiguse simulesheni (hesabu ya mwendo wa moto) kwanza. Kwa maelezo yako, moto huo umepakwa rangi tu, hautoi mwanga.

Kaa jirani na mafiga uutazame mwali. Pale unapochomoka kwenye kuni, sufuria unaiona kupitia moto wenyewe. Ile njano ni masizi, chembe ndogo mno za kaboni zilizopata joto hadi zikang'aa, na ni haba, hazizuii macho. Kwa hiyo Density (uzito wa moshi kwenye materiali) ndani ya mwali ishushe karibu na sifuri. Kwenye domeni, lile boksi linalozunguka simulesheni, punguza Flame Smoke pia, maana mafuta (fuel) ya simulesheni yakiungua huzalisha moshi unaoziba kila kitu.

Sasa mwanga. Principled Volume, materiali ya moshi na moto, huja na Blackbody Intensity (mwanga unaotokana na joto) ikiwa 0, ndiyo maana wengi huona moshi mtupu. Ukiiweka 1 inafanya kazi, ila mimi napenda kuushika mwali mwenyewe: kwenye materiali weka nodi (kisanduku cha kuunganisha) ya Attribute yenye jina flame, inayosoma data ya mwali kutoka kwenye simulesheni, ipitishe kwenye Math ya Power, kipeo 2 au 3, halafu Multiply, iingie Emission Strength. Hapo ndipo uzuri ulipo! Kipeo kinazima kingo hafifu na kuacha ndimi kali, na lile wingu la pamba linapotea. Rangi itoe kwenye nodi ya Blackbody, inayogeuza joto kuwa rangi, kati ya Kelvini 1,200 na 1,900. Mshumaa wenyewe uko karibu na 1,900, kwa hiyo 5,000 ninazoziona kwenye mafunzo mengi haziingii akilini.

Kiini kikiwa cheupe, shusha Strength, usiikoleze rangi. Blender toleo la 4.0 na kuendelea linatumia AgX, mfumo wa kugeuza mwanga kuwa rangi za skrini, ambao hupausha chochote kinachong'aa kupita kiasi.

Resolution ya 32 ambayo domeni huja nayo haitoshi. Jaribia kwa 64, kazi ya mwisho 128 au zaidi. Kumbuka ukiizidisha mara mbili, vokseli (vijisanduku vinavyounda moto) zinaongezeka mara nane, RAM italia.

Ukuta ulio nyuma ukijaa punje, weka taa ya Point ndani ya moto, uitikise nguvu yake kwa Noise (mabadiliko ya nasibu) kwenye Graph Editor, dirisha la michoro ya uhuishaji. Mwali wenyewe uachie kazi ya kuonekana tu.