Swichi ya PoE ya bei nafuu kwa kamera 4 na Wi-Fi ya duka

Mkuu, umeuliza swichi ya bei nafuu ya PoE, yaani inayopeleka data na umeme kwa waya mmoja wa mtandao, kwa kamera 4 na kifaa kimoja cha Wi-Fi dukani. Usianze na idadi ya matundu ya kuchomeka waya, anza na wati. Kila swichi ya PoE ina jumla ya wati inazoweza kugawa. Mimi niliwahi kufunga moja ndogo: mchana kila kitu safi, ikifika saa moja jioni kamera ya getini inazima, inawaka, inazima tena. Nilibadilisha waya bure. Kumbe taa za usiku za kamera zikiwaka zinakula zaidi, na wati hazikutosha.

Piga hesabu: kamera wati 7 kila moja, Wi-Fi 12, jumla 40. Chukua yenye 60 hivi. Iwe imeandikwa 802.3af au 802.3at, ndivyo viwango rasmi vya PoE; zile zinazosukuma volti 24 moja kwa moja bila kukitambua kifaa achana nazo, zinaweza kukiunguza. Angalia pia matundu yanayotoa umeme, maana swichi ya matundu 8 inaweza kutoa kwenye 4 tu, na wewe unahitaji 5. Kasi ya Mbps 100 inatosha kamera, ila kwa Wi-Fi tafuta tundu la gigabiti (Mbps 1000). Waya wa mtandao uwe wa shaba halisi, si alumini iliyopakwa shaba, na usizidi mita 100.