Ukikaa mlimani Mwanza, taka zishushe gari likifika

Ukikaa kwenye miamba yetu, iwe Igogo, Mabatini au Isamilo juu, gari la taka halikufikii mlangoni. Linaishia barabarani, linapiga honi, kazi ya kushusha ni yako. Ndipo wengi wanaposhusha kiroba usiku na kukiacha kando ya mtaro, eti gari litakikuta. Wanaoanza kukikuta ni mbwa, kisha kunguru. Mvua ikinyesha ndiyo balaa: maji hayazami kwenye mawe, yanaporomoka na kila kitu hadi Mto Mirongo, na Mirongo unamwaga ziwani, kulekule tunakovua sato na kuvuta maji ya bomba.

Kwangu taka zinakaa ndani ya uzio, kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, na jiwe juu yake. Mawe huku hayanunuliwi. Kinachosumbua hasa ni utumbo na magamba ya samaki. Navifunga kwenye gazeti, navimwagia majivu ya mkaa, harufu inatulia na nzi wanapungua. Ila majivu yawe yamepoa kabisa. Kaa moja lenye moto linatosha kuyeyusha kitako cha ndoo. Tena kama gari linapita Jumanne, sato namla Jumatatu. Majirani wananicheka, lakini kwao ndiko kunakonuka.

Maganda ya ndizi na viazi mpe mwenye mbuzi. Chupa za plastiki weka kando, waokotaji watazichukua. Vioo na nyembe vitie kwenye kopo lenye mfuniko, maana wazoaji wengi wanashika taka kwa mikono mitupu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri jukumu la taka ngumu, na sheria ndogo ndizo zinazokubana wewe: ada, faini. Risiti ya ada itunze. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo cha kushushia ni kiroba cha mchele au unga, kinaoshwa na kutumika tena.

Magoti yakigoma, mlipe kijana wa mtaani akushushie. Bei mpatane kwa kiroba, na mlipe akirudi na kiroba kitupu mkononi. Akirudi mikono mitupu kabla hujasikia honi, nenda kachungulie mtaroni.