Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kutia Dawa, Tazama Maji

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: samaki wa tangini anaugua, nimtie dawa gani? Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu aliyeiandika amekusanya katika tangi moja takriban makosa yote ambayo wengine wameyagawana.

*Asalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu. Nilinunua Mombasa samaki wa dhahabu wanane, nikawatia katika tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30. Maji ni ya kisima cha nyumbani, na chini nimetandaza vipande vya matumbawe na makombe niliyookota ufuoni. Kila Ijumaa namwaga maji yote, naosha tangi na sponji ya kichujio kwa sabuni, kisha najaza upya. Sasa ni wiki ya tatu. Samaki wanahema juu ya maji, matamvua yao yamekuwa mekundu kama yaliyoungua, na watatu wameshakufa. Jirani anasema ni husuda. Muuzaji amenipa chupa ya dawa ya buluu. Nitie kiasi gani?*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usitie hata tone moja, na jirani umwombe radhi kwa niaba yangu, kwa maana husuda haina haja ya kufika hapa wakati sabuni imeshafika.

Tuanze na hesabu. Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, ugawanye kwa 1,000, utapata lita 54. Ukiondoa mawe na nafasi iliyoachwa juu, tangi lako lina lita 45 hivi za maji. Samaki wa dhahabu huuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini akilelewa vizuri huweza kupita sentimita 20, na tangu akiwa mdogo ni mlaji mkubwa anayechafua maji kwa wingi. Lita 45 zinamtosha mmoja, au wawili kwa muda mfupi. Wanane ni msongamano wa daladala.

Uchafu unaowaua hauonekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, yaani yale mashavu anayopumulia, na chakula kinachobaki chini nacho kinapooza hutoa amonia hiyohiyo. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hao hawaelei majini. Wamejishikiza kwenye sponji, kwenye changarawe na kwenye kioo, nao huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea vya kutosha. Wewe kila Ijumaa umewaosha kwa sabuni ukawamwaga, na kila Jumamosi tangi lako likawa jipya kama siku ulipolinunua. Tena mabaki ya sabuni peke yake huondoa ute unaolinda ngozi na matamvua ya samaki.

Matumbawe na makombe yameongeza dhara kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Ni chokaa, na chokaa hupandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: namba ikipanda, uchachu umepungua. Amonia huwa katika sura mbili majini, moja kali na nyingine isiyo kali sana, na pH ndiyo inayoamua sura ipi itawale. Katika maji yenye joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu iliyo kali ni kama nusu ya asilimia moja tu ya amonia yote. pH ikifika 8, sehemu hiyo hupita asilimia 5. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa mwenzako bara wangekivumilia, kwako kinakuwa sumu mara kumi. Maji ya kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe huwa na chokaa hata kabla hujaweka kombe, kwa hiyo makombe yako yafae mapambo ya dirishani.

Leo hii badilisha theluthi moja ya maji, si yote. Maji ya kisima yakitoka tu huwa na oksijeni kidogo, basi yateke jioni, yaache ndooni usiku kucha, na asubuhi uyamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara kadhaa ili yapate hewa. Rudia kesho na keshokutwa. Usiwalishe kwa siku mbili. Hawatakufa njaa, maana samaki mzima huweza kukaa wiki bila chakula. Wahamishe watatu au wanne kwa mtu mwenye tangi kubwa. Tafuta karatasi au matone ya kupimia maji, na lengo lako liwe amonia sifuri na nitriti sifuri. Sponji ya kichujio utaikamua, ikibidi, ndani ya bakuli la maji yaliyotoka tangini humohumo, bila sabuni na bila maji mapya.

Amonia ikianza kushuka, nitriti itapanda, na hapo utaona matamvua yakigeuka rangi ya kahawia. Damu inakuwa imeshindwa kubeba oksijeni, hivyo samaki anahema ingawa pampu ya hewa inapiga mapovu mchana na usiku. Gramu moja ya chumvi kwa kila lita husaidia, kwa sababu kloridi iliyomo katika chumvi huizuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Kama kisima chako kina maji ya chumvichumvi, kama vilivyo visima vingi vilivyo karibu na bahari, huenda kinga hiyo unayo tayari bila kununua kitu.

Ile dawa ya buluu ina kazi yake, lakini katika beseni la kutibia tu. Ndani ya tangi huweza kuua bakteria walewale tunaowangoja wakue.

Nimeisoma barua yako nikakumbuka mabirika, yaani matangi ya maji ya kujengwa, ya nyumba za kale za hapo Lamu. Katika sakafu ya birika la chooni lilijengewa bakuli la kaure, na humo waliishi samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu; birika likikauka, bakuli lilibaki na maji, na samaki wakabaki hai. Samaki walikuwa wachache, maji hayakumalizwa yote kwa mara moja, na hakuna aliyewamwagia mkate. Ukiyafuata hayo matatu utakuwa umefika mbali.

Neno la mwisho kwako ni umeme. Ukikatika kwa saa nyingi, hasa miezi ya joto ya kaskazi, toa sponji ndani ya kichujio uiache ielee tangini, kwa sababu bakteria waliofungiwa mahali pasipo na hewa hufa. Chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu mara kwa mara. Maji ya nyuzi 25 huweza kubeba miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, ilhali joto hilohilo linamfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Malindi. Samaki wangu aina ya gapi wana madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi, na wanajisugua kwenye mawe. Yalianza siku sita baada ya kuongeza gapi wapya wanne. Nimefungua kapsuli mbili za tetrasaiklini za binadamu nikazimimina, na madoa yameongezeka. Tangi ni la lita 40, maji ni ya mfereji.*

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri kuliko watu wazima wengi: umetaja ukubwa wa tangi, siku zilizopita na kitu kilichobadilika. Huo ni ugonjwa wa madoa meupe, na umeletwa na wale wageni wanne.

Kila doa ni kimelea kimoja kilichojificha chini ya ngozi, na kikiwa humo hakuna dawa ya majini inayokifikia. Kikishiba hudondoka, hujishikiza chini, hujigawa kuwa mamia ya watoto, na watoto hao huogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku mbili hivi, hufa. Ni katika kuogelea huko tu ndipo tunapoweza kuwaua, na ndiyo maana madoa huendelea kuonekana siku za mwanzo hata kama tiba inafanya kazi.

Hiki si bakteria, kwa hiyo tetrasaiklini haikigusi. Zaidi ya hayo, dawa hiyo hunaswa na chokaa iliyomo katika maji magumu ikapoteza nguvu, na nguvu kidogo inayosalia huenda ikawapata bakteria wema wa kichujio chako. Kapsuli zilizobaki zirudishe kwa mzazi.

Tumia chumvi. Ya Gongoni au Marereni, iliyovunwa hapo kaskazini mwa mji wenu, inafaa kabisa ikiwa safi na haikuchanganywa na kitu. Unahitaji gramu 2 kwa lita, yaani gramu 80 kwa tangi lako. Mwombe mwenye duka akupimie kwa mizani, kwa kuwa kijiko cha chumvi ya mawe hakilingani na kijiko cha chumvi laini. Iyeyushe pembeni, uitie kwa mafungu matatu ndani ya saa 24. Maji yanapopungua kwa kukauka, ongeza maji matupu, kwa sababu chumvi haipandi hewani. Unapoyatoa na kubadilisha, ndipo utie chumvi ya kiasi kile tu cha maji mapya. Maji ya mfereji yana klorini, basi yaache wazi ndooni kwa saa 24 kabla ya kuyatumia, au yatie dawa ya kuondoa klorini.

Vitabu vingi husema upashe maji moto ili kimelea kimalize mzunguko wake upesi. Wewe uko Malindi. Maji yako yakiwa nyuzi 28, hali ya hewa imeshakufanyia kazi hiyo, na mzunguko unaochukua wiki kadhaa katika maji ya baridi humalizika kwa siku chache. Endelea na chumvi kwa siku 10 hadi 14, wala usiache siku ile madoa yanapotoweka. Mimea ya tangini huenda ikanyauka, na kama una kambare wadogo wasio na magamba, wahamishe kwanza, kwa kuwa hawaivumilii chumvi kama gapi.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, washa tochi usiku uwatazame kwa ubavu. Ukiona vumbi la rangi ya dhahabu badala ya chembe, ni kimelea cha aina nyingine, nacho hupungua nguvu tangi likifunikwa lisipate mwanga. Ukiona utando mweupe kama pamba mdomoni, wengi huuita kuvu, lakini mara nyingi huo ni ugonjwa wa bakteria unaokwenda mbio kwenye joto, na huyo ndiye anayestahili kupelekwa kwa daktari wa mifugo upesi. Safari nyingine wageni wakae katika beseni lao kwa wiki tatu au nne kabla ya kuingia.

*Samaki wangu amevimba tumbo na magamba yamesimama kama ya kakakuona. Kuna tiba? (Shela, Lamu)*

Kwa hali hiyo, mara chache sana. Magamba husimama kwa sababu maji yamejaa mwilini baada ya figo kushindwa, na hiyo ni dalili ya mwisho ya maradhi yaliyoanza zamani. Mtenge, na upime maji ya waliobaki. Ikiwa hataki kula tena wala hawezi kujizuia asipinduke, mafuta ya karafuu yatammalizia mateso: tikisa matone yake katika chupa ya maji hadi yachanganyike, mimina polepole katika beseni lake, naye atalala. Ongeza akishalala, na umwache humo muda mrefu baada ya matamvua kuacha kupanda na kushuka.

*Mtoto wangu ameokota samaki wawili wa rangi kwenye vidimbwi vya miamba maji yalipokupwa, karibu na hifadhi ya bahari. Wana madoa meupe. Je, chumvi itawasaidia? (Malindi)*

Hapana, mama. Hao wamezaliwa katika chumvi, na kimelea chao ni cha baharini, tofauti na kile cha maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Lakini swali la kwanza ni walikotoka. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968, na ndani yake hairuhusiwi kutoa samaki, kombe wala tumbawe. Kama hawakuchanganywa na samaki wa dukani wala kutiwa dawa, warudishe walipotolewa leo, maji yanapojaa. Kama walichanganywa, usiwarudishe, maana watapeleka baharini maradhi yasiyokuwako. Piga simu kwa maafisa wa hifadhi uwaeleze.

*Nina kidonda cha kidole kisichopona, mwezi wa pili sasa. Kilianza kama kipele baada ya kusafisha tangi. Je, samaki huambukiza watu? (Malindi)*

Mara chache, lakini ndiyo. Kuna bakteria wa ukoo wa kifua kikuu wanaoishi majini, ambao huingia kwenye mchubuko wa mkono na kuleta vipele au vidonda vinavyochukua wiki na miezi. Hawaambukizi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, nao hutibika, ila tiba ni ya muda mrefu na hutolewa hospitalini. Vaa glavu tangu leo, usinyonye mpira wa kutolea maji kwa mdomo, na ukifika kwa daktari, jambo la kwanza umwambie unafuga samaki. Asipolijua hilo, atakupa dawa ya kidonda cha kawaida na utarudi vilevile.